Takwimu hazikupikwa: Taita Taveta imeshuka mlima

Ndugu, swali lako huulizwa kwenye jukwaa hili kila Desemba watu wa mjini wakishapanda mlimani. Umefika kwenu Wundanyi, huko juu kwenye milima ya Taita, umepita nyumba moja baada ya nyingine zimefungwa kufuli, halafu ukasoma kwamba kaunti iliongezeka watu 56,014 kati ya sensa ya 2009 na ya 2019. Ukauliza hao watu wako wapi, au takwimu zilipikwa? Ukauliza pia kama kwenye sensa ya 2029 turudi tukahesabiwe nyumbani, na kama ununue shamba huko juu. Na wachangiaji waliotangulia wengi wamesema zilipikwa ili kaunti ipate mgao mnono.

Mimi nilikuwa karani wa sensa 2019, huko huko milimani, na sasa nakaa Voi, kwa hiyo nitajibu kwa urefu kidogo. Macho yako hayakukudanganya, na ripoti nayo haikudanganya.

Chukua jumla kwanza. Mwaka 2009 tulikuwa 284,657, na 2019 tukawa 340,671. Hilo ni ongezeko la karibu asilimia 20, wakati nchi nzima iliongezeka kama asilimia 23. Hakuna la kushtua hapo. Sasa ivunje hiyo jumla vipande. Taveta ilitoka 67,665 ikafika 91,222. Voi ilitoka 89,374 ikafika 111,831. Mwatate ilitoka 71,597 ikafika 81,659. Wundanyi ilikuwa 56,021, ikawa 55,959.

Soma hiyo ya mwisho tena. Miaka kumi ya watoto kuzaliwa, na bado Wundanyi ikatoka na upungufu wa watu 62. Kama takwimu zilipikwa, basi mpishi aliwasahau kabisa watu wa mlimani. Na kumbuka Wundanyi si mlima mtupu. Kishushe iko chini kwenye tambarare, na huko watu wamejenga sana. Ukinibana nitasema mlima wenyewe ulipoteza zaidi ya hao 62, ila hayo ni maoni yangu ya mtu aliyetembea huko, usiyanukuu kwa mbunge wako.

Kuna mwenzetu ameandika kwamba kaunti ina watu 20 tu kwa kilomita ya mraba, kwa hiyo ardhi imejaa tele na mlimani watu wanakimbia kitu gani. Wastani huo haukusaidii. Kaunti ina zaidi ya kilomita za mraba 17,000, na sehemu kubwa, zaidi ya nusu, ni mbuga ya Tsavo. Ndovu wana nafasi kuliko sisi. Toa Tsavo, toa ranchi, toa mashamba ya mkonge, kilichobaki kwa mkulima ni vijisehemu. Na huko juu Werugha au Mgange shamba la babu limegawanywa kwa wanawe, nao wakaligawanyia wanao, mpaka mtu anarithi matuta machache ya kabichi na mpaka wa kugombana na binamu yake. Kijana wa miaka 25 hawezi kuanzia maisha hapo hata akipenda kilimo. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya watu kushuka, nayo ni ya zamani kuliko barabara na reli.

Barabara na reli zilifungua mlango tu. Lami ya Mwatate hadi Taveta ilipokamilika, safari iliyokuwa ya vumbi na kulala njiani ikawa ya matatu asubuhi na kurudi jioni. Taveta ndiyo iliyonufaika zaidi, na ongezeko lake la asilimia 35 halinishangazi hata kidogo. Kule kuna maji ya kumwagilia, kuna ndizi na nyanya, kuna mpaka na soko la watu wa Holili upande wa Tanzania, na tangu 2016 kuna kituo cha pamoja cha forodha. Mtu anayetafuta kibarua haendi Wundanyi kungoja mvua.

Voi nayo ina stesheni ya SGR, ile reli mpya, tangu 2017, ina Chuo Kikuu cha Taita Taveta, na iko kwenye barabara kuu ya Mombasa na Nairobi. Mahali nilipopanga mimi palikuwa kichaka cha miba, sasa ni ploti, na kila ploti ina nyumba za kupangisha za chumba kimoja kimoja. Makao makuu ya kaunti nayo yakawekwa Mwatate. Zamani ukitaka karatasi yoyote ya serikali ulipanda Wundanyi kwa DC, mkuu wa wilaya, ukanywa chai, ukanunua sukari na sabuni ukarudi. Leo karani, wakili, mwenye duka la fotokopi na mama wa chapati wote wamehama na ofisi. Hili watu hawalitaji sana, lakini kwangu mimi lilimaliza biashara ya mji wa Wundanyi kuliko hiyo SGR mnayoilaumu.

Sasa nije kwenye sensa yenyewe, maana wengi mmechanganya hapa. Sensa ya Kenya haikuhesabu mtu kwao. Ilihesabu mtu mahali alipolala usiku wa Jumamosi tarehe 24 Agosti 2019 kuamkia Jumapili. Tulipewa tableti, mzee wa kijiji akatutangulia, na swali la kwanza kila mlango lilikuwa moja: nani walilala hapa usiku ule?

Kuna mama mmoja, mkongwe, nilimkuta anaanika maharagwe kwenye gunia. Kiunoni alikuwa amefunga kamba yenye funguo. Alinipa majina ya watu wake wote bila kupumua: huyu yuko Changamwe, huyu Nairobi, huyu yuko na mumewe Taveta, huyu wa mwisho yuko Saudia. Nikamwambia, "Shikamoo tena mama, lakini niambie waliolala hapa." Akaniangalia kama vile nimemtukana. "Mwanangu, hapa ndipo kwao. Nyumba zao hizo, nazifungua mimi, nazifagia mimi. Unataka kuniandika peke yangu kama mtu asiyezaa?" Mzee wa kijiji akacheka, mimi nikawa sina la kusema. Waliolala pale walikuwa yeye na wajukuu wawili. Wa Saudia kulikuwa na sehemu yake ya maswali, ya waliohamia nje ya nchi, ila hawezi kuingia katika idadi ya wakazi. Wa Changamwe aliandikwa Changamwe. Wa Taveta akawaongezea watu wa Taveta. Zile funguo zilikuwa za nyumba tatu na zote tatu zikaingia kwenye tableti kuwa hazina mtu.

Nyumba hizo, bila shaka uliziona, nyingine ni nzuri kuliko zile tunazopanga mjini. Mabati ya rangi, madirisha ya vioo, tangi la maji. Si umaskini uliofunga milango ile. Mtu wetu akipata kazi Mombasa hujenga nyumbani kwanza kabla ya kununua chochote, kwa sababu ya mazishi. Utamzika baba yako kwenye uwanja usio na nyumba? Hatuna hiyo. Kwa hiyo pesa zinapanda mlima na watu wanabaki chini. Ukitaka kuona Wundanyi imejaa, njoo Ijumaa moja kukiwa na maiti inatoka Mombasa: maegesho hayapatikani, hoteli zinaishiwa nyama. Jumapili jioni kimya.

Waliobaki ni kina nani? Katika kijiji nilichopewa, kila nilipoandika umri, vidole vilizoea pande mbili: wazee wa zaidi ya 60, na watoto wa shule waliolelewa na bibi zao. Wa katikati, wale wa miaka 20 hadi 40, walikuwa wachache mno. Walikuwepo waliosomea na kurudi kufundisha, wapo wenye boda, wapo vijana wa kubeba kabichi na hoho za kwenda soko la Kongowea, Mombasa, na ndio basi. Athari yake utaiona kwenye kazi za mikono. Matuta ya mlimani yanataka kurekebishwa kila msimu, la sivyo mvua ya Novemba inashuka na udongo. Bibi wa miaka 70 hawezi. Kwa hiyo shamba lililo karibu na nyumba linalimwa, la mbali linaachiwa mikaratusi inayonyonya maji, halafu mnakuja kuuliza kwa nini chemchemi zimekauka.

Mwingine kaandika kwamba wanawake wa siku hizi hawazai, ndiyo sababu shule hazina watoto. Kuna ukweli nusu. Nchi nzima uzazi umeshuka, kutoka watoto wanane hivi kwa mwanamke mwishoni mwa miaka ya 1970 hadi 3.4 katika utafiti wa afya wa 2022. Sisi tulizaliwa wengi na watoto wetu ni wachache, hilo halina ubishi. Lakini mama asipozaa sana Voi, darasa la Voi bado limefurika. Mlimani darasa linapwaya kwa sababu anayeweza kuzaa hakai huko. Niliposoma mimi, shule yetu ilikuwa na mikondo miwili na bado tulibanana kwenye madawati. Sasa gredi ya kwanza unaweza kuwajua watoto wote kwa majina siku ya kwanza. Halafu tunajenga darasa jipya la CDF, mfuko wa maendeleo wa eneo bunge, hapo hapo, kwa kuwa kila kijiji kinataka chake, huku Voi mwalimu mmoja anasimama mbele ya watoto ambao hawezi hata kuwafikia kwa chaki.

Sasa hili la "wageni wametujaa". Nimelisoma mara nyingi kwenye uzi huu, na nitalijibu kwa upole. Ni kweli kuna watu wengi waliotoka nje ya kaunti. Kuna dalili moja kwenye sensa: kaunti yetu ina wanaume 173,337 na wanawake 167,327, wakati Kenya nzima wanawake ndio wengi. Kwa maoni yangu huo ni mkono wa mkonge wa Mwatate, migodi ya vito upande wa Kasigau, ranchi, ujenzi wa barabara. Kazi zinazovuta wanaume kutoka mbali. Lakini Voi ni mji wa reli tangu mwisho wa karne ya 19, lini haikuwa na wageni? Na sisi wenyewe tumejaa Mombasa mitaa mizima. Watu wa Kasigau walifurushwa na Waingereza 1915 kwa tuhuma za kuwasaidia Wajerumani, wakapelekwa Malindi, na hawakuruhusiwa kurudi hadi miaka ya 1930. Katika kaunti hii karibu kila ukoo una hadithi ya kuhamishwa au kuhama. Hata maji ya chemchemi za Mzima, huko Tsavo, yamehamia Mombasa tangu miaka ya 1950, na hayo ndiyo ningependa tuyapigie kelele.

Linalonitia wasiwasi mimi ni mipaka ya maeneo bunge, na nashangaa hakuna aliyeligusa. Gawanya Wakenya 47,564,296 kwa maeneo bunge 290, unapata wastani wa 164,015. Ibara ya 89 ya katiba inaruhusu eneo lenye watu wachache kupungua hadi asilimia 40 chini ya wastani, yaani kama 98,400. Katika yetu manne ni Voi pekee inayopita. Wundanyi iko kwenye theluthi moja ya wastani. Mapitio ya mipaka ya 2012 yaliiokoa kwa sababu katiba ilikataza mapitio yale ya kwanza kufuta eneo bunge lililokuwepo tayari. Kinga hiyo ilikuwa ya mara moja tu. Kwa hesabu kavu kaunti nzima inafaa maeneo mawili, na usishangae siku ukisikia Wundanyi na Mwatate zinaunganishwa. Mbunge mmoja, CDF moja.

Ndiyo maana wanasiasa watatuambia 2029 tupande magari turudi tukahesabiwe nyumbani. Umeuliza kama mimi ningeunga mkono. Hapana. Kulala usiku mmoja Werugha hakumpi yule bibi mtu wa kurekebisha matuta, na kunaipunguzia Voi, au Changamwe, zahanati ambayo wewe na watoto wako mtaihitaji siku zote zilizobaki. Afadhali tuitetee Wundanyi kwa hoja ya mlima wenyewe, barabara zake mbovu na chemchemi zinazonywesha wa chini. Ibara ile ile ya 89 inataja jiografia na maslahi ya jamii kuwa mambo ya kuzingatiwa.

Kuhusu kununua shamba huko juu: kama ni la kulima na una mtu wa kukaa, nunua, bei bado inaongeleka na soko la mboga lipo. Kama ni la kupangisha, njoo chini. Na kama bado una shaka na takwimu, fungua ripoti ya sensa ya KNBS, shirika la takwimu la taifa. Juzuu ya pili ina idadi hadi ngazi ya kata ndogo, ya tatu ina umri. Tafuta ya kwenu, ilinganishe na unaowajua kwa majina, halafu rudi hapa utuambie wangapi wamezidi.