Mpole kwa Watu, Nyumbani Anasusa

Mwanangu,

Umeandika kwamba mumeo anasifiwa upole ukweni na msikitini, lakini ulipopandishwa cheo alinuna siku nne. Ukimuuliza, anajibu, "Mimi nani hata nikasirike?" Kila ukilalamika, wewe ndiye unayeishia kuomba radhi. Unauliza kama hiyo ni narsisizimu ya kificho, yaani kujiona bora kuliko wengine bila kujionyesha.

Inawezekana. Mwaka 1991 mwanasaikolojia Paul Wink alitenganisha sura mbili za narsisizimu: ya majigambo, na ya mtu mnyonge, mwepesi wa kuumia, ambaye moyoni anajiona anastahili kuliko wengine. Huyu wa pili hadai kwa kelele, hudai kwa kuonewa na kususa. DSM-5, mwongozo wa Marekani wa kutambua magonjwa ya akili, hauihesabu hii ya kificho kuwa ugonjwa wa peke yake. Unataja tatizo la haiba ya kinarsisi, dalili 9, na daktari lazima aone 5 au zaidi. Mimi siwezi kumpima kwa barua.

Wewe tazama, kwa miezi, furaha yako inapokewaje. Mwenye haya hukaa kimya sherehe nzima, lakini anakufurahia. Mwenye sonona huzuni yake haingoji wewe usifiwe. Mumeo je, hununa pale hasa unapong'aa, kisha mgeni akibisha hodi anachangamka?

Andika tarehe, ulichoomba na alichojibu, mahali asipopafikia, maana anayebishiwa kila siku huanza kutilia shaka kumbukumbu yake. Omba jambo moja kwa sentensi moja: "Ada inalipwa tarehe 5, naomba sehemu yako." Akihamia kwenye mateso yake ya utotoni, rudia mara moja, unyamaze. Hapa ndipo wengi wanapokwama: wanajieleza nusu saa, na kila maelezo yanampa pa kushika. Akisusa, pakua chakula kama kawaida, usimbembeleze. Cheo usikiache ili anune kidogo. Atapata kingine cha kununia. Wala usimwite narsisi, kesho ukoo mzima utasikia ulivyomtukana.

Ukiitisha kikao cha wazee, peleka matukio na tarehe zake. Ukisema "ana roho mbaya" hawatakuelewa, wao wanamjua mpole.

Akitishia kujiua, usidhani anakutisha tu: usimwache peke yake, mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Na akikupiga, nenda kituo cha polisi, uliza Dawati la Jinsia na Watoto. Usingoje mara ya pili.