Herufi nene peke yake si kichwa cha habari

Ndugu yangu, umeuliza kama kuna ubaya kutengeneza vichwa vya habari vya ukurasa wa wavuti kwa <b>, alama ya herufi nene katika HTML (lugha ya kuandikia kurasa hizo), na kukuza herufi, maadamu ukurasa unapendeza. Ubaya upo. Anayeona ataelewa ni kichwa, lakini programu inayomsomea asiyeona, kama NVDA, inakuta maneno ya kawaida tu. Msomaji huyo hubonyeza H ili aruke kutoka kichwa hadi kichwa. Kwenye ukurasa wako hana pa kutua, itambidi asikilize yote. Weka <h1> kwa jina la ukurasa, <h2> kwa sehemu zake, ukubwa wa herufi upange kwa CSS, lugha ya kupanga mwonekano wa ukurasa. Onyo liwe <strong>, mkazo wa sauti <em>. Na tafadhali sana, andika <html lang="sw">, yaani lugha ya ukurasa ni Kiswahili, la sivyo Kiswahili chako kinaweza kusomwa kwa matamshi ya Kiingereza.