Karata zote mbili ziko mezani, mbona hafi?

SWALI: Shikamoo kaka. Mimi ni mwanachuo, tunacheza Magic: The Gathering, ule mchezo wa karata wa kumalizana uhai, na wenzangu hapa Uyole. Karata halisi hatuna, tumechapisha za rangi steshenari pale Kabwe. Nimejenga deki nyeusi ya kunyonya uhai: Sanguine Bond nne, Exquisite Blood nne, ardhi 20 (karata za kutoa mana, yaani nguvu ya kulipia karata nyingine), zilizobaki ni viumbe wakubwa wakubwa. Mwenzangu mwenye deki nyekundu ya viumbe goblini ananimaliza kabla sijafikisha ardhi ya tano. Juzi nikafanikiwa kuweka zote mbili, nikasubiri. Kimya! Wakanicheka mpaka mlinzi akagonga mlango. Nakosea wapi?
– Mnyonya Damu, Uyole

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Pole na kicheko.

Zisome tena taratibu. Sanguine Bond: kila ukipata uhai, mpinzani unayemchagua anapoteza kiasi hicho hicho. Exquisite Blood: kila mpinzani akipoteza uhai, wewe unapata kiasi hicho. Zote mbili zinangoja jambo litokee, hakuna inayolianzisha. Umejaza mkaa jikoni, kiberiti huna.

Kiberiti ninachokipenda mimi ni Sign in Blood, mana mbili tu. Wengi huitumia kujivutia karata mbili kwa gharama ya uhai 2, wakasahau kwamba inaruhusu kumchagua mchezaji yeyote. Basi mchague yeye! Avute karata zake mbili kwa furaha, apoteze 2. Exquisite Blood inakupa 2, Sanguine Bond inamtoa 2, unapata 2, anatoka 2. Aliyekuwa na uhai wote 20 anaisha kwenye mzunguko wa tisa, na zile karata mbili bado ziko mkononi mwake.

Lakini ugonjwa wako mkubwa ni bei. Kila moja ni mana tano, maana yake raundi ya tano unaweka moja na ya sita nyingine, na goblini hawana subira hiyo. Toa Sanguine Bond, bakiza moja tu. Nafasi yake mpe Vito, Thorn of the Dusk Rose, aliyetoka 2020. Anafanya kazi ile ile kwa mana tatu. Ni wa kipekee, huwezi kukaa nao wawili mezani, ila weka wanne tu, kwa sababu wa kwanza atauawa. Hapo ndipo ubaya wake ulipo: yeye ni kiumbe, na wekundu wanajua kuchoma viumbe. Sanguine Bond ikishakaa mezani, mwekundu hana cha kuifanya. Ndiyo maana nakuachia moja.

Exquisite Blood tatu zinatosha. Ardhi zipande mpaka 24. Hiyo 20 yako ni ya mtu anayecheza karata za mana moja. Dark Ritual nne, kila moja inageuza mana moja nyeusi kuwa tatu, kwa hiyo ukiwa na ardhi tatu tayari unaweza kuweka Exquisite Blood. Wale viumbe wakubwa warudishe kabatini. Chukua Vampire of the Dire Moon wanne: ni mdogo, mana moja, lakini goblini akigusana naye anakufa, na jeraha lolote analotoa linakuongezea uhai. Vito akiwa mezani pamoja na Exquisite Blood, pigo la 1 tu la huyu mdogo linamaliza mchezo. Vampire Nighthawk wanne nao, wanaruka. Sign in Blood nne, Duress nne, na nane zilizobaki kufikisha 60 ziwe za kuua viumbe, Doom Blade na wenzake.

Duress itangulie, uone mkononi ana nini na umlazimishe kutupa karata moja isiyo kiumbe wala ardhi. Au ngoja ardhi zake zote zilale, yaani ziwe zimeshatumika. Mzunguko haupiti kwa mpigo mmoja. Kila hatua mpinzani ana nafasi ya kujibu, na Vito akiuawa katikati, hatua iliyokwisha kuamshwa itatimia, kisha basi.

Za kuchapisha sina ugomvi nazo mkiwa chumbani. Mashindano rasmi hawazikubali. Kata vizuri, iweke mbele ya karata ya kawaida ndani ya plastiki, zisitambulike mgongoni.

SWALI: Kaka, sisi tunacheza Commander, ile aina ya Magic ya watu wengi, tuko wanne, kila mtu uhai 40. Vito anachagua mpinzani mmoja. Nikimuua huyo, mzunguko unakatika?
– Msomaji, Kihesa, Iringa

JIBU: Haukatiki. Uhai wake wa mwisho ukitoka, Exquisite Blood imeshaamka, nawe unapata kiasi hicho hata kama mwenyewe kashatoka mchezoni. Vito anaamka tena, unachagua wa pili, halafu wa tatu. Ila chunga mezani kusiwe na Erebos, God of the Dead wa mtu mwingine. Huyo anazuia wapinzani wake wasipate uhai, na hapo hata ukiwa na karata zote, hakuna kinachozunguka.