Mbu anakunywa damu yako halafu anakufa yeye: maswali yenu kuhusu nitisinoni

Juzi niligusia tu kwamba kuna kidonge, nitisinoni, ukimeza damu yako inakuwa sumu kwa mbu, basi meseji zikamiminika. Najibu chache.

*Acha utani bwana, damu ya mtu inamuuaje mbu?*

Sitanii. Mbu jike akishiba amebeba damu inayozidi uzito wake mwenyewe, na damu ukitoa maji karibu yote ni protini. Sasa tumboni ile protini inatoa tairosini kibao (moja ya vijenzi vya protini) ambayo lazima aivunje chapchap, na kuna kimeng'enya kimoja (kemikali ya mwili inayovunjavunja vitu) kinachofanya hiyo kazi, ndicho nitisinoni inakiziba, tairosini inajaa mpaka anakufa. Yaani anauawa na mlo wake. Dume anayejinywea nekta zake, yaani maji matamu ya maua, wala haimhusu.

*Ilitengenezwa kwa ajili ya malaria?*

Wala! Ilitokea kwenye utafiti wa dawa za kuua magugu huko Marekani, maana mimea nayo inacho kimeng'enya hichohicho. Mwaka 1992 madaktari wa Uswidi wakaripoti kuwatibia watoto wenye tairosinemia, ugonjwa wa kuzaliwa nao unaomaliza ini.

*Imeshajaribiwa?*

Machi 2025 watafiti wa Liverpool walitoa matokeo: walichukua damu ya wagonjwa wa alkaptonuria (ugonjwa mwingine wa kuzaliwa nao, mwili unashindwa kuvunja tairosini mpaka mwisho) wanaomeza miligramu 2 tu kwa siku wakawalisha mbu, wakafa ndani ya saa 12. Na hata mbu wazee, ambao ndio wabaya wetu, kwa sababu kimelea kinahitaji kama siku kumi kukomaa ndani ya mbu. Pia inakaa mwilini kuliko ivermektini, ile dawa ya minyoo inayoua mbu pia, iliyojaribiwa Kwale, Kenya, ikapunguza maambukizi ya malaria kwa watoto kwa asilimia 26.

*Mwanangu anaumwa malaria kila mara, niinunue wapi?*

Mama, usinunue. Kwa malaria bado haijaidhinishwa, halafu haizuii kung'atwa, mbu mwenye vimelea anakuachia kwanza ndo anaenda kufa, anayepona ni jirani ambaye angeng'atwa baada yako. Na tairosini inapanda kwako pia, inaweza kuganda machoni, ndo maana wanaoitumia wanabanwa kwenye nyama, maharage na maziwa. Mtoto alale ndani ya neti.

*Na mbung'o je?*

Maabara wanakufa vizuri tu. Tena wao jike kwa dume chakula chao ni damu peke yake, hawana nekta ya kukimbilia.