Kabla hujashusha gia boksi, uliza kama injini inapumua

Mwaka wangu wa pili wa kushika spana, hapa Moshi, nilibadilisha oili sili (mpira wa kuzuia oili isivuje) ya nyuma ya krenki kwenye Noah moja mara mbili ndani ya miezi miwili. Nilishusha gia boksi, nikafunga, nikashusha tena. Mwenye gari alilipa zote mbili, na oili ikaendelea kudondoka palepale. Mara ya tatu akaja mzee mmoja fundi wa gereji ya jirani. Hata chini ya gari hakuingia. Alichomoa kitu kidogo kama kidole gumba juu ya tapeti kava (kifuniko cha juu ya injini), akakitikisa karibu na sikio. Kimya, wakati kizima hugonga. "Injini yenu imezibwa pua," akasema.

Ilikuwa pisivii (PCV), valvu ndogo ya kupumulia injini. Pesa ya ufundi wa mara ya pili niliirudisha, na tangu hapo kila kijana anayeanza kazi kwangu namfundisha kifaa hiki kabla ya kumfundisha sili.

Ringi za pistoni hazizibi kabisa, hata injini ikiwa mpya. Kila mlipuko, gesi kidogo hupenya kwenda chini kwenye sampo (bakuli la oili chini ya injini), ikiwa na mvuke wa maji na petroli ambayo haijaungua. Lazima itoke. Magari ya zamani yaliitemea barabarani kwa bomba. California, kwa kuchoshwa na moshi uliotanda angani, mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikalazimisha magari mapya yaivute tena ndani ikaungue. Pisivii ndiyo mlango wa hiyo njia. Gari likiwa sailensa, yaani linanguruma bila kukanyagwa mafuta, manifodi (njia ya kuingiza hewa kwenye injini) inavuta kwa nguvu, na kijiti kilicho ndani ya valvu kinabana njia ili ipite hewa kidogo tu. Ukikanyaga mafuta, mvuto unapungua, springi inakisukuma na njia inapanuka, kwa kuwa gesi nazo zimeongezeka.

Ikiganda imefunga, presha inajaa kwenye sampo na kutafuta pa kutokea: sili, gasketi ya tapeti kava, hata dipstiki (fimbo ya kupimia oili) inaweza kuruka. Ikiganda wazi, hewa ya ziada inaingia, sailensa inatetemeka, na gari linaweza kuanza kula oili.

Sasa nisikilizeni nyinyi mafundi wa Arusha hasa. Mwezi wa sita na wa saba, baridi ikishuka, mtaletewa gari lenye ute wa rangi ya chai ya maziwa chini ya kifuniko cha oili. Mtu atapiga kelele, "Hedi gasketi!", akidhani gasketi ya hedi imeungua na maji ya rejeta yameingia kwenye oili. Ngoja. Muulize mwenye gari anaendesha wapi. Akisema anapeleka watoto shule kutoka Njiro hadi mjini, kisha gari linalala mpaka jioni, hapo injini haipati muda wa kuchemsha oili na kuyafukuza maji, hivyo yanachanganyika na oili na kunata juu kwenye kifuniko. Tazama rejeta: kama maji hayapungui na oili ya kwenye dipstiki ni safi, anza na pisivii na mipira yake. Nimeona hedi ikifunguliwa bure kwa ute huu, na familia ikakaa bila gari wiki nzima. Inauma.

Kupima ni rahisi. Injini ikiwa sailensa, chomoa valvu, weka kidole kwenye mdomo wake: unapaswa kusikia mvuto. Irudishe, fungua kifuniko cha oili, laza karatasi juu ya tundu. Ikivutwa taratibu, njia inafanya kazi. Ikipeperushwa na valvu ni nzima, hapo ndipo tuzungumzie ringi zilizochakaa. Mlio wa kutikisa pekee usiuamini sana, springi inaweza kuchoka na kijiti kikaendelea kugonga. Msiinyonye kwa mdomo, uchafu wa humo ni sumu. Na mwenye geji ya mvuto akumbuke Arusha iko mita kama 1,400 juu ya bahari: hewa ni nyepesi, hivyo kitabu kikisema inchi 18 za zebaki, huko 14 si ugonjwa.

Kuiosha kwa dawa ya kabureta kunasaidia kama ni uchafu tu. Ikichoka, nunua nyingine kwa namba ya injini, kwa sababu mbili zinaweza kufanana kwa sura na springi zikatofautiana. Zenye nyuzi za skrubu msizikaze kwa nguvu.

Mipira nayo ikaguliwe yote. Uliolegea kwa oili hujibana wenyewe ukivutwa, ukaziba kama valvu iliyoganda. Tena wapo wanaokomesha moshi kwa kuchomeka bolti kwenye mpira wa pisivii, kisha wanaliuza gari. Ukiikuta bolti hiyo, itoe na uweke valvu inayostahili, halafu ndiyo uanze kupima kitu kingine chochote.