Runinga ya inchi 55 au 65 kwa sebule ya nyumba mtaani Umoja, Nairobi?
Ndugu, kama kutoka kochi hadi ukutani ni mita mbili hivi ulivyosema, chukua 55 ya 4K (yenye picha kali zaidi). Upana wake ni kama sentimita 122, pima kabati kwanza. Kwenye maduka ya Luthuli Avenue, katikati ya jiji, bei hupatanwa, ila usitoe pesa kabla hawajaiwasha: waambie waweke picha nyeupe tupu, ukague kioo chote kama kina madoa au mistari. Kioo kikiharibika, kukibadilisha hukaribia bei ya runinga mpya. Iwe na DVB-T2 ndani, yaani kipokezi cha matangazo ya dijitali, upate stesheni za bure bila king'amuzi. Namba ya seti na muda wa waranti viandikwe kwenye risiti. Na stima zetu unazijua! Nunua kifaa cha kuikinga runinga dhidi ya umeme unaopanda na kushuka siku hiyohiyo.