Uvimbe umetoka, kuanguka bado

Mwanangu,

Salamu nyingi kutoka Mpunguzi, Dodoma. Umeniuliza: "Mama, uvimbe wa kichwani si ulitolewa wote? Mbona bado unaanguka kifafa? Na kama hali ndiyo hii, kwa nini hutaki kuja kukaa nasi Mwanza?" Nakujibu kwa barua kwa sababu kwenye simu maneno hunikimbia katikati ya sentensi, nawe unadhani nimenuna.

Uvimbe ulitolewa, baba. Majibu ya maabara yalisema ni meninjioma daraja la 1, ule unaoota kwenye ngozi inayofunika ubongo, si saratani. Ila ubongo uliokandamizwa muda mrefu haurudi kuwa kama zamani siku ya kushonwa. Panabaki kovu, na kovu laweza kuendelea kurusha umeme ovyo. Daktari pale MOI, Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam, alinieleza hayo kabla sijatia saini: baada ya upasuaji wengi kifafa huwaisha, wengine hupungua, wengine hubaki nacho. Mimi kimepungua. Zamani nilikuwa naanguka chini mzimamzima. Sasa mara nyingi mkono wa kulia unaanza kucheza wenyewe, ulimi unakuwa mzito, kidogo tu kinaisha, kisha usingizi unanichukua. Kwangu hayo ni mafanikio, hata kama wewe uliyezoea kusikia "nimepona" huyaoni.

Shangazi yako alisema nimerogwa, na unamjua akishika jambo. Namshukuru mganga wa zahanati aliyemkatalia. Alisema mtu asiyewahi kuanguka utotoni akianza kuanguka ukubwani, fenobabitoni, ile dawa ya kifafa, peke yake haitoshi, lazima apigwe picha ya kichwa. Bila yule bwana ningekuwa bado nafukizwa.

Sasa hii dawa yangu ya kifafa, levetirasetamu. Unauliza nitaimeza mpaka lini. Daktari hupenda kuona miaka 2 hivi bila kuanguka ndipo afikirie kuipunguza, na hupunguza kidogokidogo; ukiiacha ghafla, kifafa chaweza kurudi kwa nguvu kuliko mwanzo. Kwa hiyo asubuhi na jioni, kila siku, hata siku ya harusi. Usiku nikikosa usingizi au homa ikipanda, najua niko karibu na kuanguka. Dawa yenyewe inaniletea hasira za karibu. Ukinipigia nikakujibu kwa ukali, jua ni kidonge, isipokuwa kama umeniuliza tena habari za kuuza shamba.

Mengine ya baada ya upasuaji yamepita. Zile wiki za mwanzo nilikuwa nasikia kichwani kitu kama maji yakitembea, wakaniambia ni kawaida. Deksamethasoni, dawa ya kupunguza kuvimba kwa ubongo, ilinifanya nile ugali wa watu wawili na nisilale. Ngozi juu ya kovu bado imekufa ganzi. Kilichobaki ni uchovu na majina ya vitu. Juzi nilimwomba mpwa wako aniletee ufagio nikataja sufuria, akaleta sufuria, tukacheka.

Nije kwenye la Mwanza. Mwezi uliopita nilianguka kwenye kikao cha kikoba, mbele ya akina mama wote. Mmoja akakimbilia kijiko anitie mdomoni, mwingine akawavuta watoto nyuma akisema povu linaambukiza. Katibu wetu, ambaye ni muuguzi mstaafu, akawatuliza. Alinilaza ubavu, akakunja kanga akaniwekea chini ya kichwa, akalegeza kitambaa cha shingoni, akatazama saa. Hakunishika mikono wala hakunimwagia maji. Kijiko huvunja meno, na povu ni mate tu, halimwambukizi mtu. Akawaambia ikizidi dakika 5 ndipo watafute gari la kwenda hospitali. Haikufika.

Wiki iliyofuata wakaleta hoja. Unajua sanduku letu la fedha za kikoba lina kufuli tatu, na ufunguo mmoja naushika mimi. Wakasema kwa upole kabisa kwamba nipumzishwe, ufunguo apewe mwingine. Niliwajibu kwamba kuanguka hakujawahi kunipotezea hata shilingi ya mtu, na vikao viwili nilivyokosa nikiwa wodini ufunguo niliutuma kwa mkono wa katibu. Walibishana mpaka giza linaingia. Ufunguo ninao.

Ndiyo maana siji Mwanza. Najua mtanipenda, na najua mtanikataza jiko, mtanikataza kwenda sokoni, mtaniketisha kwenye kochi mpaka nisahau na jina langu. Hapa watu wameshaniona nikianguka na wameshajua la kufanya. Jikoni napika nimekaa, mafiga nimeyaacha, natumia jiko la gesi la chini, na sufuria ya moto huipua mpwa wako. Kisimani siendi peke yangu. Bafu halina komeo, naoga huku naimba, nikinyamaza anagonga. Baiskeli nimempa kijana wa jirani. Mizabibu naipogolea asubuhi kabla jua halijawa kali, tukiwa wawili.

Mkeo naye aliuliza, kwa kukutuma wewe, kama mtoto wenu ataurithi ugonjwa huu. Kifafa changu kimetokana na uvimbe na kovu lake, hakimo kwenye damu ya ukoo. Alee mimba yake kwa amani, kliniki asikose.

Ukitaka kunisaidia, nisaidie kwa dawa. Famasi za huku kwetu mara nyingi hawana, na mjini wakati mwingine wanakupa ya kiwanda kingine. Nunua ya miezi mitatu kwa pamoja, ya kiwanda kilekile kilichoandikwa kwenye boksi niliyokutumia picha. Wakisema hiyo nyingine ni sawasawa, mpigie daktari kwanza. Picha ya kichwa ya MRI ya marudio ni mwezi wa nane. Njoo wakati huo, unisindikize, halafu tuvune zabibu. Mwambie bosi wako mapema, maana ruhusa zenu nazijua.

Mama yako